Gari Lililokuwa Likiamka Bila Moto

Nimerudisha bisibisi zote za serikali isipokuwa moja. Mpini wake niliuchonga mwenyewe kwa mti wa mfenesi baada ya ule wa mwanzo kuliwa na maji makali ya betri, kwa hiyo naihesabu kuwa nusu yangu, na anayeitaka nusu ya pili aje nyumbani tugawane. Macho yameingia ukungu, kifua kimechoka kuvuta mvuke wa betri, na nyinyi vijana wa karakana ya Wete mmeniomba nisiondoke na mambo yote kichwani. Haya, naandika. Atakayetafuta humu nani alipandishwa cheo na kwa nini si yeye, aende ofisini. Huko wanakumbuka vizuri kuliko mimi.

Niliingia kazini mwishoni mwa miaka ya ishirini, nikitokea Gando, nikijua kutengeneza baiskeli na kufunga mzigo wa karafuu juu ya punda. Magari ya kisiwa kizima yalikuwa machache, tukiyajua kila moja kwa kikohozi chake kabla halijatokea kwenye kona. Aliyenipokea ni fundi mkuu, Mistri Karsan, Mhindi mzaliwa wa Chake Chake, ambaye Kipemba chake kilinishinda hata mimi. Siku ya kwanza hakunipa spana wala nyundo. Alinipa tambara, akanionesha meza ya betri, akaniambia niifute. Niliifuta kwa bidii ya mgeni, na kwa kuwa nilikuwa nimevaa kanzu yangu ya Idi ili nipendeze, nilirudi nyumbani kanzu ina matundu kama chujio. Mama aliitazama juu hadi chini akaniuliza kama serikali imeniajiri kupigana na panya.

Kesho yake Mistri aliniona na shati kuukuu akatabasamu. "Sasa wayajua maji makali," aliniambia. "Somo la kwanza lishakwisha."

Somo la pili lilikuwa kipimo. Nyinyi mmekikuta kimetundikwa ukutani mkadhani kimezaliwa hapo. Ni bomba la kioo lenye kichwa cha mpira, na ndani yake mna chelezo kidogo. Unafyonza maji ya betri. Chelezo kikielea juu, betri imeshiba, kikizama, ina njaa. Mistri alikibeba kwa kukifunga kitambaa, na mtu akikigusa bila ruhusa alitukanwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, hivyo hakuna aliyekasirika.

La tatu ndilo lililonilisha maisha yangu yote. Gari likija na malalamiko kwamba betri haishiki moto, yaani umeme, Mistri hakuligusa kwanza. Alikaa juu ya debe akajiuliza maswali matatu, kwa sauti, kama anayezungumza na mtu. Moto unatengenezwa? Moto unafika? Moto unakaa? Kutengenezwa ni kazi ya dainamo. Kufika ni kazi ya nyaya, na ya kile kidude tunachokiita katauti, ambacho hufungua njia mashine ikizunguka na kuifunga ikisimama. Kukaa ni kazi ya betri yenyewe. Wengi wenu mkiona gari halina moto mnarukia dainamo kwa sababu ina mikanda na kelele. Dainamo nyingi mno zimefunguliwa bure katika karakana hii.

Neno lenyewe "moto" limetuletea vituko. Kuna bwana mmoja wa Micheweni tulimwambia betri yake inahitaji kutiwa moto, akashukuru, akaipakia kwenye baiskeli akaondoka nayo. Alirudi siku nyingine na betri ambayo lami yake ya juu imeyeyuka na kumiminika ubavuni, akatueleza kuwa aliitia moto kama tulivyosema, tena wa makaa ya mkarafuu, unaokaa sana. Mistri alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akamuuliza tu kama aliigeuza upande wa pili. Mimi nilijizuia kucheka mpaka yule bwana alipoondoka.

Mistri alirudi kwao Chake kupumzika kabla ya vita, akaniachia kipimo. Kisha vita vikaja, na meli zikawa za kusubiriwa. Mipira ya magari ilitiwa viraka juu ya viraka. Petroli ilitoka kwa kibali. Kitu ambacho wengi hawakukifikiria ni maji. Betri hupungukiwa maji ikifanya kazi, nayo haitaki maji ya kisima. Hayo yana chokaa na chumvi, hasa kule kaskazini kwenye mawe. Inataka maji yaliyopikwa yakawa mvuke, na mvuke ukarudi kuwa maji. Zamani yalitujia kwa madumu ya kioo. Yalipokoma tulikinga ya mvua kwa shuka safi iliyotandazwa uwanjani, yakaingia kwenye mitungi, yakafunikwa. Kiangazi mitungi ilikaribia kukauka, na nilikuwa mkali juu yake kuliko mwenye duka juu ya sukari.

Katika kiangazi kimoja cha namna hiyo ndipo lilipokuja gari la Shehe Nassor.

Shehe Nassor alikuwa mwenye mashamba, Mwarabu wa hapa hapa, babu yake amezikwa Pemba na baba yake pia. Alikuwa na gari moja la abiria na mizigo, lenye kibanda cha mbao. Dereva wake aliitwa Hamad Faki, mtu mrefu, mpole, aliyesema polepole kana kwamba kila neno analipimia. Siku hiyo Hamad hakuliendesha. Alikuja analivutisha kwa punda wawili, na watu wanasukuma nyuma. Kwa dereva hiyo ni fedheha tosha, lakini uso wake ulikuwa na zaidi ya fedheha.

"Fundi, linalala na moto, linaamka halina," alisema. "Mchana nikiliendesha zuri. Nikiliegesha, kesho yake maiti. Hata nikilizungusha hendeli halijibu."

"Tangu lini?"

"Ni miezi sasa. Na Shehe asema mie ndiye n'nayelitoa usiku, nnawasha taa, nnakwenda kwa wanawake. Kaniambia mbele za watu."

Nilimwambia wenye magari wote husema hivyo, asijali. Alitikisa kichwa.

"Ijumaa hii atasoma halbadiri. Mbuzi kishanunuliwa."

Nyinyi mnaijua halbadiri, lakini huenda maandishi haya yakasomwa na mtu wa mbali. Ni kisomo kizito. Mwalimu na wanafunzi wake hukaa, ubani ukafukizwa, wakaomba dhidi ya mtu asiyejulikana aliyefanya ubaya. Watu wetu wanaamini kuwa kisomo hicho kikisomwa kimesomwa. Humfuata mwenyewe popote alipo, na wakati mwingine huwapata walio karibu naye. Nimeona wezi wakirudisha vitu kwa kusikia tu mbuzi kanunuliwa.

"Si hukufanya? Waogopa nini?" nilimuuliza.

Aliwangoja waliosukuma gari watoke. Kisha aliniambia kuwa mara moja tu, kabla ya matatizo haya yote, alilitoa gari usiku bila ruhusa. Mkewe Mize alikuwa akitoka damu, wakampeleka hospitali, na mimba ile wakaipoteza. Sasa Mize alikuwa mzito tena, amebakisha kidogo. "Nikisema sikulitoa kamwe, nimesema uongo," alisema Hamad. "Nikisema nililitoa, mambo yote yananiangukia. Na kisomo kikiwa hakichagui? Mke wangu halali, fundi. Ashika tumbo tu."

Nilikuwa na debe la kukalia na maswali matatu ya Mistri.

Tulilitia betri ya kuazima, likawaka. Mshale wa moto ukapanda vizuri kwenye kipimo cha mbele ya dereva. Basi moto unatengenezwa. Nikafungua katauti, kwa sababu mdomo wake ukigandana, dainamo huunyonya moto wa betri gari likiwa limesimama, na hilo ndilo gonjwa linalofanana zaidi na malalamiko ya Hamad. Midomo ilikuwa safi, yafunguka na kufunga. Nyaya nilizifuata moja moja kwa kidole, pamoja na mahali panya hupenda. Kisha nikazima kila kitu, nikavua waya mmoja wa betri, nikaingiza taa ndogo katikati ya waya na betri. Taa hiyo ikiwaka, hata kwa wekundu hafifu tu, mjue pana mahali moto unavuja. Tukalifunika gari kwa turubai ili pawe na giza, tukainama mimi na Hamad kama watu wanaotazama kifaranga kinachototolewa. Haikuwaka.

Likabaki swali la tatu. Niliitoa betri yake, nikaitia moto kwenye mashine yetu mpaka chelezo kikaelea juu kabisa. Nikaiweka juu ya ubao mkavu ndani ya stoo, haikuungwa na waya wowote, nikafunga, na ufunguo nikaenda nao nyumbani. Kesho yake chelezo kilikuwa kimeshuka. Alhamisi kilikuwa kimelala chini. Betri ilikuwa imekufa peke yake, chini ya kufuli yangu, na Hamad hakuikaribia.

Nilifurahi mno. Nilimtuma mtu kumwita Shehe Nassor, na alipokuja nilimweleza yote, nikadhani shauri limekwisha. Alisikiliza akiwa ameegemea bakora yake. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Alimgeukia Hamad pale pale.

"Basi si weye," alisema.

"Alhamdulillahi," alisema Hamad, na nikaona mabega yake yakishuka.

"Lakini betri haifi bure, fundi. Ama sivyo?"

"Haifi bure, Shehe. Mna kitu ndani kinachoiua."

"Basi pana aliyekitia. Mtu katia mkono wake katika gari yangu, kaniharibia. Huyo ndiye atakayesomewa kesho." Aliondoka akiwa na hakika kuliko alivyokuja.

Hapo Hamad alikaa chini kwenye mchanga. Mimi nikaelewa polepole. Aliyetia mkono wake katika betri ile kila juma, akafungua vizibo na kuongeza maji, alikuwa Hamad mwenyewe. Nilikuwa nimemvua shutuma moja, nikamtupa ndani ya dua.

"Maji ulikuwa ukiyapata wapi?" nilimuuliza. "Kwangu hukuja kiangazi chote."

"Weye mkali, fundi, watu waogopa kukuomba," alisema. "Hunipa Bi Mkubwa."

Bi Mkubwa, Bi Thuwaiba, alikuwa mama yake Shehe Nassor. Hakuna nyumba ya Wete iliyofanya harusi bila marashi yake ya mawaridi. Hamad alinieleza kuwa siku moja Bi Mkubwa alimuuliza gari hunywa nini zaidi ya petroli. Alipomwambia hunywa maji ya mvuke, na kwamba hayapatikani, bibi alicheka: maji ya mvuke ndiyo kazi yake tangu msichana. Tangu hapo kila Ijumaa kabla ya sala alimpa kibakuli, na aliposikia gari linasumbua aliongeza kibakuli cha pili, masikini, ili lipone upesi.

Nilikwenda nyumbani kwao alasiri ile ile. Nilipiga hodi mlango wa uani, nikakaribishwa, nikakaa ukumbini, na yeye akazungumza nami kutoka nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Gari yetu haijambo?"

Nilimwambia inaendelea, nikaomba kuona chombo chake cha marashi na kupewa maji kidogo ya kujaribia. Alifurahi sana. Mtumishi alinitolea sufuria la shaba la zamani lenye mrija mrefu wa shaba, akaniambia, kwa maneno ya bibi, kuwa maji ya gari hayakutiwa ua hata moja na sufuria lilioshwa mara nyingi. Nilikuwa siutazami usafi. Nilikuwa natazama ndani ya sufuria, ambamo bati lilikuwa limekwisha na shaba imetokeza, ina ukijani pembezoni. Mnajua vyombo vya shaba hutiwa bati kila baada ya muda. Lakini vita vilipokuja, bati nalo lilipotea madukani, na fundi wa kutia bati akafunga kibanda chake. Kwa marashi haikudhuru. Kwa betri, shaba kidogo tu ikiingia ndani, sahani zake hulana zenyewe kwa zenyewe mchana na usiku, hata gari likiwa limesimama.

Mistri aliwahi kuniambia hivyo, lakini kuambiwa si kuona. Niliyachemsha maji ya Bi Mkubwa katika chungu mpaka yakabaki kidogo, nikayatilia tone la maji makali, nikatumbukiza msumari nilioung'arisha. Nikafanya vivyo hivyo kwa maji yetu ya mvua. Asubuhi ya Ijumaa msumari wa maji ya mvua ulikuwa wa kijivu. Ule mwingine ulikuwa umevaa wekundu, wekundu wa senti mpya.

Nilikaa na misumari ile mkononi nikashikwa na hofu ambayo sikuwahi kuipata mbele ya mashine yoyote. Nikimwendea Shehe Nassor, nitamwambia mbele ya mwalimu na wanafunzi na jamaa zake kuwa mharibifu ni mama yake. Nikinyamaza, watasoma, na mtu aliyesomewa atakuwa bibi yule, pamoja na Hamad aliyemshikia kibakuli, na Mize ndani ya chumba chake anashika tumbo. Mimi si mwanachuoni. Sijui kisomo kinafika wapi na kinaacha wapi. Nilijua tu kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyestahili kuombewa mabaya. Mwishowe nikaona aliye na haki ya kulijua kwanza ni yule linalomhusu.

Bi Mkubwa alinisikiliza bila kunikatiza. Niliupitisha msumari chini ya pazia. Nilimsikia akiukwaruza kwa ukucha.

"Na maji haya nikiyapika kwa kumsalia Mtume," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nikamwongezea na kibakuli cha pili."

"Hukujua, Bi Mkubwa. Hata mimi nilihitaji msumari."

"Nassor kajua?"

"Bado."

"Usimwambie," alisema. "Hilo langu."

Baada ya sala tulikwenda sote nyumbani kwa Shehe Nassor, mimi nikiwa nimekaribishwa kama shahidi wa mambo ya gari. Mwalimu alikwisha kukaa, vijana wake wamepanga duara barazani, chetezo kinafuka. Hamad alikaa mwisho kabisa, karibu na viatu. Mwalimu alikohoa, akauliza anayesomewa ni nani kwa sifa zake, na Shehe Nassor akajibu: yule aliyetia mkono wake katika gari langu akaliharibu.

"Nassor," ilisema sauti kutoka nyuma ya mlango.

"Labeka, mama."

"Huyo mnayetaka kumsomea, mnamjua?"

"Hatumjui, mama. Ndiyo maana twasoma."

"Mie nnamjua. Kila Ijumaa nnampa Hamad maji aitie gari yako, kwa mkono wangu huu, na maji yenyewe ndiyo yaliyoiua. Fundi kashaniletea msumari. Basi mwambie mwalimu asome. Mtu husomewa kwa jina la mama yake; la mama yangu alijua?"

Nimeona magari yakiporomoka mtoni. Sijaona kitu kikianguka kama uso wa Shehe Nassor pale. Mwalimu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwenye akili. Alifunika kitabu chake taratibu, akasema ubani huu mzuri na mbuzi yupo, kwa nini tusimsomee Bi Mkubwa dua ya umri na afya. Tukasoma hiyo. Sauti ya Shehe Nassor haikusikika ndani yake. Midomo ilicheza tu, na machozi yalikuwa yakimtiririka ndevuni bila kuyafuta.

Betri niliimwaga yote, nikaiosha kwa maji ya mitungi yangu mara nyingi kuliko nilivyopenda, nikaitia maji makali mapya, nikaishibisha polepole. Haikuwa tena kijana, lakini ilikaa na moto, ikachechemea nasi mpaka vita vikaisha. Tangu siku ile sikumkemea tena mtu aliyekuja kuomba maji, hata kama mtungi ulibaki na kikombe. Nanyi msiwakemee. Anayeogopa kukuomba atakwenda kutafuta mahali pengine, na hujui atayapata wapi. Mize alijifungua mtoto wa kike salama, akaitwa Thuwaiba.

Lakini nilitaka kuwaambia la chakula. Mbuzi alipoiva, sinia zikatandikwa, na kama kawaida mtumishi akaleta birika na beseni ili wageni wanawe. Shehe Nassor alimpokea birika. Alipita mbele ya mwalimu, akapita mbele ya jamaa zake, akenda mpaka pale kwenye viatu, akapiga magoti mbele ya dereva wake.

Hamad aliificha mikono. "Shehe, mara moja nililitoa gari bila ruhusa yako," alisema haraka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Mke wangu alikuwa akitoka damu. Sikukwambia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuogopa."

Shehe Nassor aliinamisha kichwa. Kisha akasema, "Lete mikono."

Hamad akaitoa, na maji yakaanza kumwagika juu yake. Ilikuwa mikono yenye grisi ya miaka, isiyotoka kwa kunawa.

"Yatosha, Shehe," alisema Hamad.

"Hayajatosha," alisema Shehe Nassor, akaendelea kumimina.